Vidonge vya Shemeji Sivimezi

Ziwani, Nairobi,
14 Juni 1981.

Mpendwa dada Nthenya,

Salamu tele kutoka Ziwani. Hamjambo, wewe na shemeji Muasya? Presha yake imetulia? Mimi na Wayua tu wazima, na mtoto wetu ameanza kutembea, hakuna kikombe kilicho salama humu ndani.

Pumu yangu bado ipo. Nitakueleza ukweli, ila usinipigie kelele. Vile vidonge vya kliniki vina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Mimi mjuaji nikawa nameza viwili kila nikitaka kupiga vinyago msasa, vile dereva anavyotia petroli kabla ya safari. Na pale karakana kwetu hakuna mchongaji anayeshika msasa kabla birika la kahawa nyeusi halijazunguka. Juu yake nikanywa dawa ya kikohozi uliyoniletea Pasaka. Wacha! Moyo ulidunda, mikono ikatetemeka, patasi ikamkata twiga wa oda sikio.

Daktari alinigombeza kama mtoto. Kumbe dawa moja iliyo katika kidonge imo pia katika ile chupa yako, kwa hiyo nilikuwa naizidisha bila kujua, na kahawa nayo inauchochea moyo. Sasa nafuata kipimo na saa alizoniandikia. Kahawa nimewaachia wenzangu.

Nawe uliposikia habari ya moyo, ukanitumia vidonge vya presha vya shemeji, eti vinatuliza. Asante dada, lakini sivimezi! Nilimwonyesha daktari, akasema aina hiyo inaweza kumfunga mwenye pumu kifua kabisa. Ungenizika kwa huruma yako mwenyewe! Mativo, anayekuletea barua hii, anakurudishia vyote kumi na viwili. Avimeze aliyeandikiwa.

Na hilo la kuacha kuchonga, nije Changamwe nikawapimie wateja sukari dukani kwako, nalo nakurudishia. Siachi! Msasa napigia nje, kitambaa kibichi puani, na kifua kikibana naweka kazi chini. Lakini kazi ni yangu, alinifundisha baba, na hakuna wa kuninyang'anya, hata wewe uliyenibeba mgongoni.

Barua yako imejaa matanga, dada. Nililie nikifa. Leo napumua, na nachonga.

Nisalimie shemeji, Mbithe na mama mkwe wako. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mkaidi wako, nikupendaye,
Munyoki