Mkono Wako Kwenye Waya wa Mbeya

Kaka Venansi,

Ninakuandikia kwa sababu ninakuonea wivu, na hakuna mtu aliye hai ninayeweza kumweleza jambo hilo bila kuaibika. Tangu tulipokuzika kule kijijini Pito, watu wananipa pole kama mdogo wako wa kazi. Ninazipokea kwa adabu.

Unakumbuka nilivyoingia ofisini na cheti changu cha chuo cha simu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba katika alama za telegramu mlio mrefu, yaani mstari, huchukua muda wa milio mifupi mitatu, yaani nukta tatu, wala si zaidi. Wewe, uliyejifunza kupiga telegramu kwa kusikiliza tu huku ukifagia ofisi, uliurefusha mstari wa mwisho wa kila neno, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Nilikushtaki kwa Bwana Posta. Ulicheka: "Msomi, waya hausomi cheti." Na wapokeaji wa Mbeya, kila nilipoanza kupiga, waliniuliza baada ya maneno mawili: "Venansi yuko wapi?" Miaka miwili, Kaka. Wewe walikujua kwa mkono wako. Mimi walinijua kwa kutokuwa wewe.

Nilipowapigia habari ya kifo chako, walilipiga jina lako, taratibu, kwa mstari wako mrefu. Nililia. Sitakudanganya: nusu ya machozi yale ilikuwa ya wivu. Mimi nani atanipigia jina namna ile?

Ndiyo maana mashine ya majaribio ilipoletwa nilifurahi kupita kiasi. Unabonyeza herufi kama kwenye taipureta, nayo inatoboa utepe wa karatasi. Kila herufi ina nafasi tano, penye tundu au pasipo tundu, basi. Haina mkono wa mtu. Na kwa kuwa nafasi tano hutoa mipangilio thelathini na miwili tu, iko alama inayoiamuru mashine isome tarakimu, na nyingine ya kuirudisha kwenye herufi. Niliandika ripoti safi kabisa, nikipendekeza kitufe chako cha shaba, kile cha kupigia telegramu kwa mkono, kiondolewe mezani.

Wiki iliyopita mvua ilishika Ufipa nzima. Akaja mzee mmoja kutoka Msanzi, amelowa chapachapa. Binti yake amelazwa Mbeya, na daktari anangoja idhini ya baba ili ampasue. Nikaituma kwa mashine. Mbeya wakajibu: "Tumepata tarakimu tupu." Radi ilikuwa imeharibu alama moja njiani, mashine yao ikadhani imeamriwa kusoma tarakimu, na idhini ya mzee ikawa takataka. Nikarudia. Tarakimu tena. Mzee alikuwa akiitazama mikono yangu. Nikaketi kwenye kitufe, nikapiga kama nilivyofundishwa chuoni. Mbeya wakajibu: "Tunasikia radi tupu. Rudia."

Basi, Kaka, nikaurefusha mstari. Wako. Ukapenya kelele zote.

"Imeingia. Umefundishwa na Venansi?"

Nilijibu ndiyo, nikamsomea mzee maneno yao kwa sauti. Ni sifa ya kwanza niliyowahi kupata kwenye waya ule, na ilikuwa yako. Binti amepasuliwa salama. Mzee alirudi na kikapu cha ulezi, akanishukuru sana, kisha akachungulia nyuma ya bega langu: "Na yule Venansi, hayupo leo?"

Hata sasa ninakuonea wivu. Sidhani kama utakwisha. Lakini Jumatatu mkaguzi anakuja kuchukua ripoti ya mashine, nami ile ya kwanza nimeichana. Ninakuahidi nyingine: kitufe kibaki mezani, na wapigaji wapya wafundishwe mstari mrefu, kwa jina lako, si langu. Maneno hayo ya mwisho yamenitoa jasho kuliko mtihani wowote. Ninajijua, nikibaki nayo peke yangu nitayafuta. Kwa hiyo nitakuja kukusomea wewe kwanza, nikiwa nimekwisha kutia sahihi.

Pumzika, Kaka. Tuonane kaburini kwako Jumapili hii, saa tatu asubuhi, misa ikitoka.