Jumamosi Zetu za Kupanga Picha, Baba Neema

Mume wangu, Baba Neema,

Juzi tumekuzika, na mimi siamini kwamba umekufa. Ndiyo maana nakuandikia. Sijui barua hii niipeleke wapi, kwa hiyo naiacha wazi aisome yeyote. Huenda ikapita mikononi mwa mtu anayekufahamu.

Nianze pale tulipokuwa na raha. Kiwanda kilipofungwa, ulikaa nyumbani Njoro miezi mitatu ukitazama ukuta. Ulikuwa fundi mitambo miaka kumi na mitano, na ghafla mikono yako haikuwa na kazi. Siku moja nikaenda kwenye mitumba kumtafutia Neema wetu sweta, nikarudi na boksi lililochanika pembeni. Muuzaji alinipa bure kwa sababu hakujua ni kitu gani. Ndani mlikuwa na vipande mia tano vya kadibodi, na juu ya boksi picha ya treni ikivuka daraja. Nilidhani ni mchezo wa mtoto. Wewe ulivimwaga mezani, ukavigeuza kimoja kimoja, ukasahau hata chai.

Ulitufundisha kutafuta kwanza vya pembeni, vile vyenye upande ulionyooka. Vingine ukavigawa kwa rangi kwenye visosi vyangu, nikakosa pa kuwekea vikombe. Niliponuna na kukigonga kipande kwa ngumi ili kiingie, ulinishika mkono ukasema, "Kiache, Mama Neema. Hapo si pake." Ukakata ubao wa plaiwudi ili wakati wa kula tuinue picha nzima na kuirudisha bila kubomoka. Baada ya muda wauza mitumba walikujua, wakawa wanakuwekea kila boksi la namna hiyo lililotoka kwenye marobota.

Kisha watu wakaanza kuja. Mzee Kileo, jirani yetu aliyepooza upande mmoja, alikuwa hatoki tena nje. Ulimfuata kwake, ukamshika bega mpaka mezani kwetu, ukampa kazi ya kutafuta anga. Vipande vya anga vinafanana vyote, vinachosha, lakini yeye hakuwa na haraka. Siku alipoweka cha kwanza kwa mkono wake mmoja mzima alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mke wake aliniambia jikoni kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu augue. Kila Jumamosi mchana nilipika mtori wa ndizi sufuria kubwa, nyumba ikajaa.

Mimi ndiye niliyeyaharibu yale. Jumamosi moja nilirudi sokoni nikiwa nimechoka, ndizi zangu za kuuza zimeniozea nusu, nikakuta watu wamejaa nawe umeinama mezani. Nikasema mbele yao wote, "Mwanaume mzima, siku nzima unacheza na makaratasi."

Mzee Kileo alitazama chini. Picha ilikuwa karibu kuisha, ukaibomoa taratibu, ukarudisha vipande kwenye boksi na kulifunga kwa kamba. Wiki iliyofuata uliniaga, ukasema umesikia kuna kazi ng'ambo ya mpaka, ukapanda gari la Himo, njia ya mpakani. Nilikufungia chakula. Sikukuomba radhi, nilidhani muda upo. Nakuomba radhi sasa, Baba Neema, mbele ya kila anayesoma.

Ulituma salamu mara moja kupitia dereva wa lori, kwamba umefika na unatafuta. Baada ya hapo kimya, na huu ni mwaka wa nne. Nimesimama Himo na picha yetu ya harusi nikiwauliza madereva, mpaka wakanizoea, wakawa wananiambia "bado, mama" kabla sijafungua mdomo. Mtu mmoja akadai amekuona stendi ya Bomang'ombe. Nikaenda, nikamwona mwanaume kwa nyuma, mabega yako kabisa, nikamkimbilia na kumshika koti. Alipogeuka aliniuliza kwa upole kama naumwa.

Mwezi uliopita kaka yako aliteremka kutoka kihambani kwenu, shamba la ukoo kule mlimani. Alisema wazee wa ukoo wamekaa, wameamua uzikwe kwa mgomba badala ya mwili, kama wanavyozikwa waliopotea.

Nikamwambia, "Shemeji, hajafa. Hajarudi tu."

Akasema, "Mama anaondoka, shemeji. Anataka aone mtoto wake amelazwa nyumbani kabla yeye hajalala."

Nilipanda kwenda kumwona mama yako. Shikamoo yangu aliipokea kwa macho tu. Alinishika kidole hakuniachia, na mimi sikuweza kumnyima ombi lake.

Padri alikataa kuusomea mgomba misa. Alisema atakuombea kama anavyowaombea wasafiri, nami nilimshukuru mno. Wazee wakaukata mgomba, wakauvisha shati lako jeupe la kanisani nililolipiga pasi mwenyewe, wakauteremsha shimoni. Neema, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, aliniuliza kama atupe udongo au asitupe. Akaudondosha pembeni, nje ya shimo. Mimi nilitupa, kwa sababu mama yako alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti walichombebea.

Sasa wananiita mjane. Kila anayenipa pole ananikata moyo upya, maana nikiipokea nimekubali. Mzee Kileo na Neema bado wanapanga picha Jumamosi, na mimi hukaa nao, lakini nikishika kipande nakirudisha kwenye kisosi. Nimebaki na swali moja tu, kama nimemzika mume wangu akiwa hai.

Ukirudi, usipande kwenu moja kwa moja. Pitia Njoro kwanza, saa yoyote. Kule juu, katikati ya migomba, kuna msalaba wenye jina lako, na sitaki uukute ukiwa peke yako. Tutapanda wote, nami nitaung'oa kwa mikono yangu, ukoo mzima ukitazama.

Ni mimi mkeo, ambaye bado si mjane,
Mama Neema