Nyumba Yako ya Bondeni

Nachingwea,
Februari

Kaka yangu Harithi,

Pokea salamu zangu huko Namungo, wewe na wenzako wa machimboni, nikiomba Mungu ziwakute wazima. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Fatu alishikwa na homa juzi, lakini ameanza tena kugombana na kuku, kwa hiyo najua amepona. Shida yangu ni simu yako. Kila nikipiga naambiwa hupatikani, mpaka sauti ya yule dada wa kwenye simu nimeizoea kuliko yako. Barua hii anakuletea Imrani, fundi baiskeli, anayekuja huko kutazama mpira. Nimemwambia asiingie uwanjani kabla hajakutia machoni.

Kaka, mvua ya mwaka huu imetukomesha. Unalikumbuka bonde alilolima mama mpunga na magimbi, tukarudi nyumbani na matope magotini? Watu wote tulijenga pale wakati wa kiangazi, tulipouza ufuta, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Tukaona ni kiwanja kizuri, tena karibu na soko. Wewe ndiye uliyetangulia. Ulimwaga kifusi palipopita mkondo wa maji, ukainua nyumba juu yake, nasi tukakusifu na kukufuata.

Sasa maji yakishuka kutoka barabarani yanafika kwenye kifusi chako yanakwama, kisha yanarudi kwa majirani. Vyoo vimejaa na uchafu wake unaelea uani. Jirani yako wa nyuma ni Penina, mke wa Lubasha, wafugaji waliohamia huku kutoka Kanda ya Ziwa baada ya wewe kuondoka. Aliniambia kwao walilia kwa ukame, wakahama na ng'ombe safari yote ile ili waje kulia kwa maji. Tulicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata mtoto wake mdogo alilazwa kwa kuhara.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Saturnini, akaitisha mkutano, ikakubaliwa tuchimbe mtaro. Tulianzia chini mtoni tukipanda, wanaume na majembe, wanawake tukibeba udongo kwa mabeseni, mpaka tukafika ukutani kwako. Pale kazi ikasimama. Walikutafuta hukupatikana. Wazee wakasema nyumba ya mwanamume aliye safarini haiguswi bila neno la dada yake wa tumbo moja. Basi watu wote wakanigeukia.

Nilikataa. Nilisema unarudi mwezi huu. Mkutano wa pili nikasema unarudi kabla ya mfungo. Bwana Saturnini aliniuliza kwa upole kama ni wewe uliyeniambia hivyo, nikajifanya sikumsikia.

Hujui, kaka, kwamba kila Ijumaa huwa nakwenda kwako. Nafagia, nafungua madirisha, nawasha moto jikoni ili watu waone moshi na wajue nyumba ina mwenyewe. Nikishachemsha chai naketi kwenye kiti chako nakusimulia habari za wiki nzima. Usinicheke. Nimekukumbuka mpaka naona haya kuandika. Tangu tumzike mama sijakaa na mtu anayejua nilivyokuwa mtoto.

Siku ile mtoto wa Penina aliporuhusiwa hospitali, mama yake alikuja kwangu. Hakuja kugombana. Aliomba walale kwako, maana nyumba yako iko juu ya kifusi na ni kavu, na godoro lao lilikuwa majini. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu, nami nikalifumbata pindo lile mkononi. Niliona kitanda chako kikilaliwa na wengine, na wewe ukifika ukakuta pamejaa. Penina alingoja jibu langu, kisha akanishukuru hivyo hivyo, akaondoka na mtoto mgongoni, maji yakimfika mapajani.

Kulipokucha nilikwenda kwa Bwana Saturnini nikatoa neno.

Nyumba yako imevunjwa, kaka. Kifusi kimetolewa na mtaro unapita pale palipokuwa sebule yako. Kitanda, milango na mabati nimevihifadhi kwangu. Maji yalianza kuondoka siku ileile. Leo Penina ameanika magodoro, na mtoto wake anacheza na Fatu hapa nje ninapoandika.

Najua utakasirika, na haki unayo. Lakini nikwambie kilichokuwa moyoni. Niliogopa kwamba siku nyumba ikiondoka, hutakuwa na sababu ya kurudi Nachingwea. Kisha nikakaa nikafikiri: imesimama miaka yote hii, na hukurudi. Kwa hiyo sasa sikuiti uje kutazama nyumba. Nakuita uje kunitazama mimi. Na kama una maneno makali, usimpe Imrani aniletee. Njoo uniseme mwenyewe, uso kwa uso, hata siku nzima. Nitakupikia huku unanigombeza.

Amna wa mama mkubwa anakusalimu, na majirani wote, hata wale usiowajua. Fatu anasema shikamoo mjomba, na anauliza wewe ni mrefu au mfupi.

Ni mimi mdogo wako,
Zulfa