Mguu wa Kushoto wa Mangi

Jumapili, Februari 2014. Phillips, Minnesota. Theluji imeacha kuanguka, upepo haujaacha kupiga.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha chupa yangu ya chai, kilichotokea ghafla jana mchana huko Savage, kwenye gereji tunayotengenezea gari, baada ya marehemu kupigwa nyundo iliyokusudiwa giaboksi. Marehemu alikuwa na kifuniko cha bluu na tabia ya kuvuja. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Hakutakuwa na maziko. Vipande nimevifagia.

Nyundo ilikuwa mkononi mwa Mangi.

Mangi ni rafiki yangu. Naliandika hilo mapema kwa sababu atakayesoma yanayofuata anaweza asiliamini. Yeye Mchaga, mimi Mpare, watani tangu kabla hatujazaliwa. Miaka yote hii ya Minnesota ameutukana ubahili wangu, nami nimeitukana tamaa yake, na hakuna aliyewahi kununa. Ndiyo kazi ya utani: unamruhusu mtu akutukane ili asije akakupiga.

Jana utani haukufika kazini.

Gari ni lake. Ni la Kimarekani, la mwaka sabini, milango miwili, pua ndefu kama jeneza, na injini ya V8 inayonguruma mpaka spana zinacheza ukutani. Tunaliita Nyati. Giaboksi yake ya zamani ilisaga meno yake yenyewe majira ya joto, tukaing'oa, na tangu hapo swali limekuwa moja tu: tumfungie Nyati gia za mkono, au otomatiki?

Kwa mtu mwingine hilo ni swali la mafuta na mwendo. Kwa Mangi ni swali la mguu.

Baridi ya mwaka juzi aliteleza kwenye barafu nje ya kanisa, sahani ya pilau mkononi. Pilau aliiokoa. Goti halikuokoka. Walipomaliza kumpasua, mguu wa kushoto ulibaki mzima kwa kuutazama, lakini kuanzia gotini kwenda chini hausikii chochote. Unabeba, unatembea, hausikii. Mwenyewe anasema ni kama mguu wa jirani. Sasa klachi, kwa asiyejua, inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Otomatiki haina klachi. Mguu huo unaweza hata kuuacha nyumbani.

Hapo ndipo pasipomezeka. Mangi alikuwa dereva wa malori, Dar mpaka Tunduma. Ameushuka mlima wa Kitonga na shehena ya shaba mgongoni, breki zikinuka, roho yake ameishikilia kwa gia namba mbili. Mtu wa namna hiyo humwambii aendeshe kwa mguu mmoja.

Mama Neema, mkewe, hakutaka kumwambia. Ni nesi, na manesi hawabishani na mgonjwa. Wanampa dawa kwenye uji. Alinipigia simu mimi.

"Shem, mfungie otomatiki. Usimuulize. Ukimuuliza atasema gia za mkono, na akisema hivyo hilo gari halitoki humo gereji mpaka nizeeke."

Nikatii. Mimi si fundi wa chuo. Ninayoyajua kuhusu gia nimefundishwa na wazee wa Kimarekani wenye ndevu, kwenye video, na hawajui kama nipo. Lakini otomatiki niliipata kwa mzee mmoja wa Anoka, nikaibeba kwenye pikapu yangu, nikaishusha Savage. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nikishaifunga, Mangi ataguna, atatukana ukoo wangu, halafu atazoea.

Akaja mapema.

"Mpare, hii nini?"

"Giaboksi."

"Kwani mimi kipofu? Nauliza, hii nini?"

"Otomatiki, Mangi. Mama Neema alisema..."

Usimtaje mke wa mtu mbele ya nyundo.

"Mmenikalia kikao! Wewe na mke wangu mmenikalia kikao, mkaamua kumpa Nyati kitimwendo!"

Pigo la kwanza lilichukua chupa ya chai, iliyokuwa imekaa juu ya giaboksi bila ubaya na mtu. La pili liliacha kovu kwenye chuma. La tatu sikulisubiri, nikamkamata mkono. Akanipiga kichwa. Pua ilitoa mlio ambao sikujua pua inaweza kuutoa, na damu ikashuka kwenye ovaroli kama mtu amefungua bomba. Nikamrushia ngumi, ya kwanza tangu shule ya msingi, ikatua sikioni. Tukaanguka juu ya matairi. Aliponibana shingo nikamng'ata bega. Si jambo la kujivunia, ila meno ndiyo yaliyokuwa karibu.

Akanipiga teke la mbavu. Kwa mguu uliokufa, ulipiga vizuri sana.

Tukabaki tumelala sakafuni, watu wazima wawili wenye vitambi, tunahema kama mbwa.

"Umenipiga kwa mguu gani huo?" nikamuuliza.

Akaitazama miguu yake, mmoja mmoja. "Sijui. Imeuma?"

"Imeuma."

"Imeuma sana?"

"Mangi, nadhani umenivunja ubavu."

Akatabasamu kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani. "Basi nipe funguo za pikapu."

Pikapu yangu ni ya gia za mkono, mzee wa siku nyingi. Ilikuwa uani. Sharti alilitoa yeye mwenyewe: akiendesha mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, Nyati anafungiwa gia za mkono. Akishindwa, nifunge kitimwendo changu, na hatasema neno tena maishani.

Nikampa. Nilikuwa na hasira. Nilitaka ashindwe, na nilitaka ashindwe mbele yangu.

Akawasha. Akainamisha kichwa kuangalia kama mguu upo juu ya klachi, maana macho ndiyo hisia zake za upande huo. Ulikuwepo. Akakanyaga, akaingiza gia ya kwanza, akainua kichwa kuangalia mbele.

Pikapu ikaruka.

Ilinijia mimi. Nikajitupa kwenye theluji, nikasikia upepo wake mgongoni, kisha nguzo ya zege ikaipokea. Bampa likakunjika, kioo kikapasuka, Mangi akabusu usukani na mdomo ukachanika. Injini ikazima.

Halafu akaanza kuupiga mguu.

Kwa ngumi. Aliupiga pajani, akashuka gotini, akaupiga muundi, akipumua kwa pua, damu ikimdondokea kidevuni. Kuanzia gotini mguu haukusikia, na hilo ndilo lililomfanya azidi. Nimewahi kuona watu wakipigwa. Sijawahi kuona anayepigwa akikataa hivyo kuumia.

Nikafungua mlango, nikamshika mikono. "Uache jamani. Umekukosea nini?"

"Funga otomatiki," akasema. Kisha akaniita kwa jina langu la ubatizo. Hakuniita Mpare.

Hilo liliniuma kuliko ubavu.

Mama Neema alikuja kumchukua. Aliiangalia pua yangu, akauangalia mdomo wa mumewe, akaiangalia nguzo. "Mmemaliza?" Mangi akapanda nyuma, siti ya watoto, akauinua mguu kwa mikono miwili na kuuingiza garini kama mzigo wa mtu mwingine.

Leo asubuhi Mama Neema amenitumia ujumbe: ahsante shem. Kila Jumapili baada ya ibada Mangi hunipigia kunitukana. Leo simu imekaa mezani, nami nimekaa mbele yake. Nimejitukana mwenyewe kidogo, haikuwa na ladha.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kufungia ukurasa huu. Kwamba mwili una mahakama yake, na jana imetoa hukumu. Kwamba rafiki wa kweli ni yule anayekubali kuvunjwa pua ili mwenzake aujue ukweli. Niliyasoma kwa sauti, nikayapenda.

Kisha nikaenda Savage kuivuta pikapu. Nimerudi sasa hivi, na vidole havijapata moto bado.

Nililala chini yake na tochi mdomoni. Pedeli ya klachi imelala sakafuni, haijarudi. Waya unaoivuta klachi umekatika katikati, na pale ulipokatika bado panang'aa, hapana kutu: umekatika jana.

Hata kwa mguu wangu, pikapu ingeruka.