Prosesa ya Mume Wetu

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 11, jioni.

Mpendwa mke mwenzangu mdogo,

Hujambo, mjukuu wangu? Mama yako naye hajambo? Kile kikohozi chake cha baridi kimemwachia, au bado anajifanya mzima mpaka aanguke? Mwambie mama yake anauliza, na anataka jibu la kweli. Na wewe unakula? Picha uliyotuma nimeitazama sana, naona shingo imezidi kuwa ndefu. Mume wetu anasema umependeza, lakini yeye hata ukivaa gunia angesema umependeza, kwa hiyo ushahidi wake siuhesabu.

Sisi huku ni wazima. Magoti yangu yananisumbua nikipanda ngazi, nikishuka yananyamaza. Mashine inasaga, wateja wapo, na unga unaniingia masikioni kama kawaida. Mama yako mdogo ameweka meno mapya, na tangu ayaweke anacheka na kila mtu, hata wale asiosalimiana nao. Mjomba wako amefuga ndevu. Nimemwambia anafanana na mtu anayetafutwa, amenuna siku nzima.

Najua unajiuliza kwa nini bibi anaandika barua na simu ipo. Simu ya nyumba hii hujaisahau: mume wetu anaiwekea sauti ya juu, sebule nzima inasikiliza. Haya ninayotaka kukwambia ni ya wake wawili. Yeye hayamhusu, ingawa yote yanamhusu yeye.

Tangu daktari wa macho alipomwambia kwamba macho yake ya mbali hayafai tena barabarani, na leseni yake ya lori ikaishia hapo, ulikuwa ukimsikia kwenye simu anacheka. Alikuwa anakuchekea wewe. Simu ikikatika anarudi kwenye kiti chake pale dirishani, amevaa fulana ileile ya jana, anahesabu magari ya watu wengine. Mtu ambaye akirudi safari alikuwa hataki hata kuongea kabla hajaoga, sasa kuoga kwenyewe ikawa mpaka nimgombeze. Chakula anakichokonoa tu. Niliogopa, mke mwenzangu. Nakwambia wazi, niliogopa kuliko siku ile mkanda wa mashine uliponinyofoa kidole.

Ndiyo maana uliposema kuna gemu ya kuendesha malori, na kwamba mnaweza kuendesha pamoja, yeye huku na wewe huko, kila mtu na lori lake katika njia moja, mimi sikutazama simu, nilimtazama yeye. Aliinua kichwa. Akauliza, "Lina gia ngapi?" Nikajua hapo pana kazi ya kufanya.

Sasa nikupe habari za prosesa, maana kila ukipiga unaniuliza, na kila ukiuliza nakupiga chenga.

Tulikwenda wote wawili kwa fundi wa kompyuta, yule mrefu mwenye upara tunayemwita Waya. Duka lake unalijua lilivyo, ukigeuka vibaya unaangusha kitu. Mimi nilikuwa na pesa yangu ya akiba ya mashine, si nyingi na si haba, na kichwani nilikuwa na maneno yako: kadi ya picha utanitumia ile yako ya zamani, nisiinunue. Waya akatutolea kasha dogo linalong'aa, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Bibi, hii ndiyo mwisho wa maneno. Ndani ina vichwa kumi na sita."

Mume wetu akavaa miwani. "Vichwa vyote hivyo vya kufikiria nini?"

Waya akatueleza, na alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za gemu: lori liko wapi, mvua inanyesha wapi, gari la mbele limefunga breki au halijafunga. Ikishamaliza hesabu inaikabidhi kadi ya picha, na kadi ndiyo inayochora unachokiona. Basi nikamuuliza, kadi ya mjukuu wangu ni ya miaka ya nyuma, je, hii yenye vichwa vyote hivi ikimaliza hesabu mapema, itafanya nini?

"Itaisubiri kadi, bibi."

"Imekaa bure?"

"Imekaa bure." Akacheka mwenyewe, akairudisha kabatini.

Hilo nilikuwa nimelielewa kabla hajamaliza, maana hata pale kwangu mota ikizidi kinu, unga hauongezeki, kinachoongezeka ni bili ya umeme. Nikajiona mjanja sana. Nikasema basi nipe ile ya chini kabisa, ya vichwa vinne, tumalizane twende nyumbani. Hapo Waya akanikatalia katakata. Akasema hiyo akiniuzia leo, kesho nitairudisha pamoja na laana, kwa sababu sasa itakuwa kadi ndiyo inayosubiri, na lori litakuwa linashtuka-shtuka kila likiingia mjini penye magari mengi. Nikanywea. Ujanja wangu wote uliishia hapo mlangoni.

Wakati sisi tunabishana, mume wetu alikuwa ameondoka. Duka lenyewe chumba kimoja, lakini alikuwa ameondoka. Nageuka nikamkuta kwenye rafu ya pembeni, ameushika usukani. Ule wa gemu, wenye pedali zake chini na gia yake ubavuni. Hakuwa anauchezea. Mikono ilikuwa imekaa pale inapokaa, na kidole gumba kilikuwa kinatafuta kitufe cha honi.

Wewe ulisema aanze na kibodi, usukani utakuja baadaye. Nikuambie ukweli, hiyo kibodi alishaionja kwa mjomba wako. Alibonyeza mara mbili, akaisukuma, akasema, "Mimi ni dereva, si karani." Hakuigusa tena. Kwa hiyo pale dukani nilikuwa na swali moja tu: ni prosesa gani itakayofanya kazi vizuri na bado iniachie pesa ya usukani? Nikamwambia Waya hivyohivyo, tena kwa sauti ya chini, mume wetu asisikie.

Waya akakuna upara wake. Akatoa ya vichwa sita, toleo lililotangulia, si hili jipya linalotangazwa. Akasema gemu ya malori haihitaji vichwa vingi, inahitaji vichwa vichache vyepesi, na hii ni nyepesi. Tofauti yake na ile mpya ni ndogo kiasi kwamba jicho la mtu haliioni, ila mfuko unaiona. Bodi yake, yaani kile kibao inachochomekwa juu yake, nayo ni ya bei nafuu. Feni yake inakuja nayo kwenye kasha, huinunui pembeni. Na siku tukipata nafasi, tutaweza kuichomoa na kuweka kubwa zaidi pale pale, bila kubadili bodi. Tena akanipa ile isiyoweza kutoa picha yenyewe, ambayo bei inashuka kidogo zaidi, kwa kuwa kadi yako ipo njiani.

Nikakubali. Usukani ukaingia kwenye mfuko pamoja na vitu vingine, na mume wetu akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani. Nilijitolea kumpokea njiani, hakunisikia.

Sasa kasheshe ikawa kwamba kadi ipo njiani kweli, lakini anayeileta ni mjomba wako, na mjomba wako safari yake ya kikazi huko kwenu ikaongezwa siku. Waya alishakuja, ameunganisha kila kitu mezani kwetu, ameondoka. Mume wetu akasema tuiwashe hivyohivyo. Nikamwambia haitatoa picha. Akasema anajua, washa. Tukawasha. Skrini nyeusi tii, feni inazunguka. Akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, akainamisha kichwa akisikiliza kama alivyokuwa akifanya na boneti.

"Injini iko sawa," akasema. "Ni taa tu hazijafungwa."

Ikawa kila asubuhi anaiwasha, anaisikiliza, anaizima. Nilimwacha. Angalau alikuwa ametoka dirishani.

Kadi ikafika imefungwa ndani ya soksi zako za sufi, zile nilizokufumia mimi. Nimeziona. Hujazivaa hata siku moja, mwizi mkubwa wee. Waya akaja, akaichomeka, na picha ikajaa skrini: barabara, milima, lori jekundu. Haishtuki, haigandi, hata mjini penye magari. Macho yake ya karibu ni mazima, na skrini ipo karibu, kwa hiyo anaona mpaka vumbi kwenye kioo. Niliona mkono wake unatafuta mkanda wa kiti ambao haupo. Mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia meza.

Lakini ngoja nikuchekeshe. Unajua mume wetu anaendeshaje? Anakwenda polepole mno! Foleni ya magari nyuma yake mpaka mwisho wa skrini, yote yanapiga honi. Waya akamwambia, mzee, kanyaga mafuta, hii mashine inaweza. Mume wetu akamgeukia kwa heshima zote. "Prosesa si ndiyo injini? Na injini si mpya? Injini mpya haikimbizwi, inazoezwa kwanza." Waya akaeleza kwamba prosesa haina pistoni, haina oili, haizoezwi, imezaliwa imezoea. Akaeleza kwa kuchora, akaeleza kwa mikono. Mume wetu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaendelea na mwendo wake uleule. Wewe mwenyewe unajua kwa nini madereva wenzake walimbandika jina la Taratibu. Waya amekata tamaa, anasema labda prosesa nayo imefurahi, haijawahi kutunzwa hivi.

Ndiyo nakuomba, Jumamosi mtakapoendesha pamoja kwa mara ya kwanza, usimkimbize. Najua damu inachemka, najua huko lori lako lina mashine kubwa kuliko ya kwetu. Usimpite. Kaa nyuma yake kama ulivyokuwa ukikaa pembeni yake likizo, miguu haifiki chini, unamuuliza kila kibao kimeandikwa nini. Akikuuliza kwa nini huendi mbele, mwambie na yako ni mpya.

Sasa lililonifanya nikamate kalamu.

Unakumbuka honi yake. Akirudi safari, pale kwenye kona kabla ya mashine yangu, alikuwa anapiga mbili fupi. Mimi nikizisikia, ninamwachia mtu kinu, ninakwenda kubandika maji ya kuoga, na yeye akishaegesha lori na kuvua viatu, maji yanakuwa tayari. Miaka yote hiyo hatukuwahi kukubaliana kwa mdomo, ilijikalia tu hivyo.

Jana nilikuwa jikoni nachambua nafaka. Yeye yuko sebuleni na lori lake, mimi simsikilizi tena, nimeshazoea ule mngurumo. Mara nikasikia honi. Mbili fupi. Nikainuka, nikajaza sufuria, nikawasha jiko, nikabandika maji, nikarudi kwenye nafaka yangu. Yalikuwa yameanza kutoa moshi ndipo nilipokumbuka kwamba mtu mwenyewe hajatoka popote. Nikabaki nimesimama na kifuniko mkononi, nacheka peke yangu, machozi yananitoka.

Akaja mlangoni. Akayatazama maji, akanitazama mimi. Akachukua taulo, akachukua ndoo, akaenda kuoga bila kugombezwa. Alipotoka alivaa shati lile la bluu, akala chakula chote, akaomba tena.

Basi nimefurahi, mke mwenzangu, na nimeona furaha hii nisiile peke yangu wakati kadi ni yako.

Msalimie sana mama yako, mwambie anywe kitu cha moto na asinidanganye. Msalimie baba yako, na yule jirani yenu mpole anayewapokelea mizigo. Mama yako mdogo anakusalimu kwa meno yote. Mjomba na ndevu zake wanakusalimu. Waya anasema ukitaka kubadilisha kadi tena, ile ya zamani usiitupe. Mungu akulinde barabarani, hizo za kweli na hizi za kwenye skrini, akurudishe kwetu ungali unacheka hivyo.

Na Jumamosi mkikaribia mwisho wa safari, akishapiga mbili zake, na wewe piga mbili. Nitakuwa jikoni. Nitabandika maji ya watu wawili.

Akupendaye bila wivu, isipokuwa kidogo,
Mke mwenzako mkubwa,
Bibi