Kipaza Sauti Kilichosikia Upande Mmoja

Baba Neema, mume wangu,

Juzi nilirudi dukani kwa Salum, kule Tabora mjini, kununua kipaza sauti kingine. Nimeona nikueleze mwenyewe kwa nini, maana kile cha kwanza tulikichagua pamoja, na wewe ndiye uliyekishika mkononi mpaka nyumbani Usoke kama mtu aliyebeba yai.

Salum alinitambua. Akatoka nyuma ya meza, akanipa pole, akauliza, "Kile kiliharibika, mama?" Nikamwambia hapana, ni kizima. Niliyekosea ni mimi.

Unaikumbuka siku ile. Tulikuwa tumetoka hospitali, daktari ametuambia koo lako litapasuliwa baada ya wiki mbili, na kwamba ukijaliwa utaishi, lakini sauti haitarudi. Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kupanda gari. Wewe ukasema, kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "Kwanza tumtafute mtu anayeuza vitu vya kunasia sauti." Sikukuelewa. Ukasema, "Safari ya babu. Neema hajaishika."

Ndipo nikaelewa. Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Kwihara mpaka Bagamoyo kwa miguu, akarudi, na njia nzima aliihifadhi kichwani, kambi baada ya kambi. Alimpa baba yako, baba yako akakupa wewe. Neema wetu alikwenda kusoma mbali akiwa mdogo, akaolewa Igunga, akawa mwalimu huko. Vipande vipande alivisikia wakati wa likizo, lakini yote kwa mpangilio hakuwahi kuishika.

Salum alituwekea vipaza vitatu mezani. Kimoja kikubwa cha mkononi, kama vile vya kwaya, akasema hicho kinataka spika na umeme. Cha pili kidogo, cha kubana kwenye shati. Cha tatu kimevalishwa manyoya ya kuzuia upepo, unakichomeka kwenye simu na kwenda nacho popote. Ulikigeuza geuza ukasema, "Hiki ni kipaza au panya?"

"Panya huyo ndiye anayefaa," Salum akasema. "Anasikia mbele tu. Mke akigomba nyuma, hasikii kitu."

"Basi nipe wawili."

Tulicheka sote watatu. Salum alipojua ni safari ya mpagazi unayotaka kuinasa, akaanza utani, maana ukoo wake ulitoka pwani. "Kumbe! Babu zangu wamekaa kivulini, babu zako wanabeba."

Ukamjibu, "Ndiyo maana mpaka leo mko hapa Tabora. Hamkuijua njia ya kurudi kwenu."

Koo lilikuuma kwa kicheko hicho. Nilikuona unavyolishika. Lakini sikukuzuia.

Tulipokuwa tunaondoka Salum alinigeukia mimi, akanipa maelekezo. "Mama, wewe ndiye utakayesimamia. Anaongea mmoja, wengine wote kimya. Hata kukohoa." Nilimwitikia kama mtoto wa shule.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu.

Wewe na mimi tunajua jinsi safari ile inavyosimuliwa. Mwenye kusimulia anataja kambi na yaliyotokea hapo, kisha ananyamaza. Mwenye kusikiliza anamwambia, "Tua." Asipoambiwa hivyo, mzigo ungali begani, na haifai kuondoka kwenda kambi ya mbele. Nilijifunza nikiwa bibi harusi, msimu wangu wa kwanza wa kuchambua tumbaku kwenu. Tulikaa karibu na bani ya kukaushia tumbaku, majani yamerundikwa mikekani, na wewe ukataja Kwihara ukanyamaza. Mimi nikaendelea kupanga majani. Ukanitazama. Nikadhani umeona nimechanganya majani mazuri na mabaya. Mama yako akanifinya paja: "Mwambie atue! Mtoto wa watu atakufa na mzigo!"

Tangu siku hiyo, miaka zaidi ya thelathini, ni mimi niliyekuwa nikikuambia. Wakati mwingine bila kuinua macho kwenye tumbaku.

Siku ya kunasa nilifukuza kuku. Nilizima redio. Nilimwomba jirani asitwange mpaka nimwambie. Nikafunga dirisha, nikaweka simu na kipaza juu ya kigoda, kimekuelekea wewe. Ukaanza vizuri. Ukasema jinsi babu alivyochagua pembe aliyoidhani nyepesi, akakuta ndani imejazwa udongo, wenzake wakamcheka. Ukasema, "Hapo ni Kwihara." Ukanyamaza.

Nami nikanyamaza.

Ukanitazama. Nikaweka kidole mdomoni, nikakuonyesha kipaza, nikakupungia mkono uendelee. Ukaendelea. Kigwa, ukanyamaza, ukanitazama. Rubuga, hivyo hivyo. Kufika Tura hukuwa unasimulia tena, ulikuwa kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Hata yule rafiki wa babu, aliyempa maji ya mwisho ya kibuyu chake, hukumtaja. Nilidhani ni ugonjwa. Ulipofika Mgunda Mkali, kule kwenye nyika isiyo na maji, ukasema, "Nimechoka, Mama Neema. Tutamalizia kesho."

Kesho yake ulipandwa na homa. Tulikuwahisha hospitali, na hawakungoja zile wiki mbili ziishe.

Baada ya kupasuliwa ulikuwa unaandika kwenye daftari. Maji. Geuza mto. Kuku wamekula? Siku moja uliandika, ukanisogezea: "Mbona hukuniambia nitue?" Nilisoma mara mbili. Nikakueleza kwamba niliogopa kuharibu, kwamba Salum alisema kimya. Ukacheka. Hakukuwa na sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika, na machozi yakakutoka. Ukaandika, "Basi nimebeba bure mpaka Mgunda Mkali." Wauguzi walishangaa kutuona tunacheka.

Daftari hilo ninalo.

Tulikuzika mwanzoni mwa kiangazi. Waliokuja walikusifia kilimo, na mzee wa kanisa alisema hukuwahi kugombana na mtu, jambo ambalo mimi na jirani tulilisikia tukatazamana. Nakusamehe.

Wiki iliyopita Neema alikuja likizo na mtoto wake. Nikampa simu asikilize. Alisikiliza ameinama, na aliposikia sauti yako alifunga macho. Baadaye akasema, kwa upole, "Mama, kila baada ya kambi kuna kimya kirefu. Naweza kukikata, iwe inaenda moja kwa moja."

Nilimwambia asiguse. Nikamweleza kimya kile ni nini, na wewe ulikuwa unangoja nini, na ni nani aliyekunyima. Akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena, na kila uliponyamaza alinitazama mimi. Mara ya kwanza sikuweza. Akairudisha tena mwanzo, na safari hiyo nikasema. Baba Neema, nilisema zote nne, ingawa nilijua nimechelewa.

Ndipo akaniambia, "Sasa malizia. Kutoka Mgunda Mkali kwenda mbele."

"Mimi? Mimi si wa ukoo huo, mwanangu. Mimi ni mwitikiaji."

"Umeitikia miaka thelathini. Mwingine anayeijua ni nani?"

Nilifikiri sana. Hakuna. Kaka yako alikufa kabla yako, na watoto wake hawakupata kuijua. Nikaona ama nitaisema mimi, ama babu atabaki Mgunda Mkali bila maji milele.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Salum. Safari hii sikumwachia anichagulie. Alinitolea tena cha manyoya, nikasema hapana, nataka kinachosikia watu wawili wanaotazamana, na kuku wakipita nao wasikike tu. Akatafuta, akapata kimoja kinachosikia mbele na nyuma. Nilimwomba tukijaribu pale pale. Yeye akasimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Tulipojisikiliza, sauti zetu zilitoka sawa, na honi ya bodaboda ikiwa katikati. Akasema, "Mama, hiki kitakusanya kelele nyingi." Nikamwambia ndicho.

Tulinasa jana, karibu na bani, mimi na Neema tumekaa mkekani, kipaza katikati. Sikuzima redio ya jirani. Mtoto alilia mara mbili, tukaendelea. Nilipotaja Mgunda Mkali nilimrudisha yule rafiki na kibuyu chake. Neema akaniambia nitue. Kumbe sikujua inavyokuwa ukiwa upande huo. Mtu akikuambia neno hilo, pumzi inashuka yenyewe. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa napewa, kumbe nami nilikuwa nikikupa.

Ugogo tukapita. Mpwapwa. Nikafika Simbamweni, halafu Bagamoyo, pale babu alipoonja bahari akatema, akasema, "Tumetembezwa kote huku kuja kwenye chumvi?" Neema alicheka mpaka akamwamsha mtoto.

Lakini nina jambo la kukiri. Usiku wa leo haujaingia bado, na tangu asubuhi nahesabu kambi kwa vidole. Kati ya Mpwapwa na Simbamweni kuna moja nimeiruka. Ile uliyokuwa unaisema haraka haraka, ambapo babu aliumwa mguu. Jina lake limenitoka. Neema hakujua, akaitikia tu iliyofuata, na mtu mwingine wa kunisahihisha hayupo.

Nimeamua nisifute. Wajukuu wataijua hivyo: kwamba babu yao, mguu ukimuuma, alitembea siku mbili mfululizo na mzigo begani, kwa sababu mke wa mjukuu wake alisahau mahali pa kumpumzisha.

Ukikutana naye huko, mwombe radhi kwa niaba yangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema