Siku Kumi za Kuulinda Mshono wa Shangazi

Mama, shikamoo.

Nimeandika hivyo kisha nikangoja marahaba yako kama mtu asiye na akili timamu. Ni miezi saba sasa tangu tukuzike, na bado ulimi wangu unakuamkia kila niingiapo ukumbini. Leo nina jambo la kukueleza. Linaanza kwa paka lakini linakuhusu wewe, na hapana mwingine ninayeweza kumwambia.

Shangazi amepasuliwa.

Usishtuke, yu hai. Yule yule paka wako uliyemwita Shangazi kwa sababu aliingia nyumbani bila hodi na akachagua mwenyewe pa kukaa. Baada ya wewe kuondoka alizaa mara mbili. Mara ya pili watoto walitoka wamekufa, na yeye alilala kapuni siku tatu hali kitu, ananitazama tu. Nikampeleka kwa Daktari Mutuku wa mifugo, pale Ukunda, yule aliyewahi kuwatibu mbuzi wa Bi Riziki jirani yetu. Akaniambia akipata nguvu tumfunge uzazi, la sivyo mimba nyingine itamwua. Nikakubali. Ndiye kiumbe pekee aliyebaki humu ndani aliyezoea sauti yako.

Alipomaliza kumpasua, daktari alinikabidhi Shangazi akiwa bado amelegea kwa dawa, tumbo limenyolewa, mshono mfupi wa uzi wa buluu. "Siku kumi," akasema. "Asirambe, asiruke, asitoke nje. Angalia mshono asubuhi na jioni. Ukiona umevimba au unatoa maji, nipigie siku hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza, nikambeba nikatoka.

Mama, niliomba likizo. Kule hotelini Diani ninakofua mashuka, nilikwenda kwa msimamizi nikaomba siku kumi. Aliniuliza ni nani anayeugua. Nikasema, "Mtu wa nyumbani." Akanipa, wala hakuuliza la pili. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilitoka ofisini kwake nikaegemea ukuta, kwa sababu ulipotoka wewe hospitalini na mshono wako wa tumbo sikuomba hata siku moja. Kwa paka niliomba.

Daktari alikuwa amemvisha kola ya plastiki, kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, ili mdomo usifike tumboni. Shangazi aliichukia. Alirudi nyuma, nyuma, nyuma, kama gari linalotafuta pa kugeuzia, mpaka akagonga kabati na kola ikamvuka. Nikamvisha tena. Akagonga mlango, akaivua tena. Siku ya pili nilimkuta juu ya kabati la vyombo na sijui alirukaje na tumbo lile. Basi nikamhamishia chumbani kwako. Nilikuwa sijakaa humo tangu tulipogawa nguo zako sadaka. Nikakitoa kitanda, nikatandika godoro chini, nikaondoa kila kitu cha kupandia, nikakaa naye. Chakula nilikula humo. Niliswali humo, na jicho moja liko kwake, Mungu anisamehe.

Siku ya nne nilitoka kuchota maji pale bombani, ndoo moja tu. Niliporudi alikuwa amejikunja pembeni, mguu mmoja juu, anaramba. Kola iko mlangoni. Nikampigia kelele, naye akanitazama kama kwamba mimi ndiye mwenye makosa. Sakafuni nikauona uzi. Kipande kifupi cha buluu. Mshono ulikuwa umefunguka upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, pembeni pamevimba, na majimaji yanatoka.

Nilikaa chini. Sikuweza kufanya kitu chochote. Nilichoweza ni kukuona wewe.

Uliambiwa usiinue kitu kizito. Nilikwambia, nikamwambia na Bi Riziki anisaidie kukutazama, kisha nikaenda zangu kazini. Siku ya sita Bi Riziki alikukuta una ndoo mkononi. Nilipokugombeza jioni ulicheka, ukasema, "Kwani mimi yai?" Nami nikacheka. Tulicheka sote wawili, Mama.

Lakini siyo ndoo. Hiyo ya ndoo niliwaambia watu wote, matanga mazima, kwamba uliinua ndoo na maradhi yakageuka ghafla. Walitikisa vichwa, wakanipa pole. Sikuwaambia ya asubuhi iliyofuata. Ulikuwa umekaa kwenye kochi, ukanyanyua kanga kidogo, ukasema, "Mwanasha, hapa pananitoa maji." Nilikuwa nafunga kiatu. Gari la wafanyakazi lingepita barabara kuu wakati wowote. Sikuinama kuangalia. Nikasema, "Kesho, Mama. Kesho nina mapumziko, tutakwenda." Ukasema, "Haya."

Haya, basi. Hukubishana. Wewe uliyebishana na kila mtu.

Hiyo kesho ilipofika ulikuwa unachemka mwili mzima, huwezi kusimama, na kule hospitalini walihangaika nawe siku nne bila kupumzika. Hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika hapa nyumbani, nami nafunga kiatu.

Hilo ndilo sijamwambia mtu.

Basi nimekaa pale sakafuni, na Bi Riziki akaingia kwa kusikia kelele zangu. Akamtazama Shangazi, akatikisa kichwa. "Anaumwa huyu. Mpe nusu kidonge, mwanangu, maumivu yapoe. Kesho utampeleka kwa daktari."

Vidonge vyako vya maumivu vilikuwa bado kwenye kopo dirishani. Sijaweza kuvitupa. Nilifungua kopo, nikakivunja kimoja, nusu ikawa kiganjani mwangu. Nilikwisha kumshika taya, Mama. Ndipo lile neno likanifika. Kesho. Kama mtu kanichoma sindano. Nikauachia mdomo wake, nikatafuta simu, nikampigia daktari.

Daktari alikuwa Kinango, anachanja ng'ombe. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na kidonge nikakitaja. Akapaza sauti. "Mama, usimpe hiyo! Dawa ya maumivu ya watu inaua paka, hata kipande. Umempa?"

"Sijampa."

"Usimpe. Sasa sikiza. Mvishe kitu cha kubana tumbo, asiufikie mshono. Mimi nashuka, alasiri nitakuwa njia panda ya Kombani. Nifuate huko. Usiningoje Ukunda."

Nilikimbilia kabatini. Nguo zako zote tuligawa ila sweta lile la kijivu, lile la msimu wa baridi, ambalo nililificha chini ya mashuka ili dada asilione. Nilichukua mkasi. Bi Riziki akanishika mkono, "Hilo la mamako!" Nikamwambia najua. Nikaukata mkono mmoja, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvuta Shangazi ndani yake kama anayevaa soksi. Likambana vizuri. Aliduwaa, akaanguka upande, akalala hivyo hivyo kwa hasira. Kile kidonge na wenzake nilivimwaga chooni kabla sijatoka.

Kwenye tuktuk nilimpakata kapuni. Alilia njia nzima, kisha kabla hatujafika akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaingiza mkono nikatafuta pumzi yake kwa vidole. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Usinifie. Tafadhali usinifie." Dereva alinitazama kwenye kioo, akaongeza mwendo. Mungu amlipe.

Daktari alinikuta mbele ya duka la vyakula vya mifugo, nimekaa juu ya gunia la pumba. Mwenye duka alitupa meza yake. Daktari akalikunja lile sweta, akamchoma sindano Shangazi, akasafisha, akabonyeza pembeni kwa kidole, akainama hata pua ikakaribia kugusa. Akachukua muda mrefu. Sikuweza kutazama, nilitazama mzani wa duka.

"Ndani pameshika," akasema. "Ni ngozi ya juu tu. Umewahi, mama."

Umewahi.

Nililia, Mama. Nililia pale dukani mbele za watu, kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya kukuzika. Mwenye duka alileta kiti na maji. Nilimsikia mteja mmoja akimwuliza, "Yote haya kwa ajili ya paka?" Daktari alimaliza kushona, nyuzi mbili mpya, akanipa dawa yake ya siku zilizobaki na akaniambia nisiogope.

Siku zile zilizobaki nilimkagua asubuhi, mchana na jioni. Akatembea nyumba nzima na mkono wa sweta lako, kifua mbele, kama bibi harusi aliyekosewa heshima. Bi Riziki akawa anakuja kumtazama ili acheke. Nyuzi zimetolewa juzi. Mshono umefunga, umebaki mstari mwembamba, na manyoya yanaanza kuota. Amekwisha kuua panzi wawili na kunitemea mlangoni.

Nilidhani akipona nami nitapona. Sijapona. Naamka na lile "haya" lako sikioni. Ningeweza kukuomba msamaha katika kila mstari wa barua hii na nisiifikie hata nusu ya deni. Naomba, Mama. Naomba tu. Na matangani niliposema uongo, hilo nalo naomba. Leo dada nitamwambia kweli, anichukie akitaka.

Na kuna jambo moja zaidi. Nina uvimbe kwapani, upande wa kushoto. Niliugusa mara ya kwanza nikioga, wiki ile ya arobaini yako. Hauumi. Nikawa najiambia nitakwenda wageni wakipungua hotelini, kisha Ramadhani ikiisha, kisha mwezi mwingine ukiandama. Jana nilimwonyesha Bi Riziki. Hakunipa pole. Aliugusa, akanitazama, akauliza, "Tunatoka saa ngapi?"

Nakuahidi hivi. Nitamwambia daktari ni tangu lini, bila kupunguza hata siku moja. Wakisema nilale, nitalala. Wakinipasua, nitakaa nyumbani mpaka waniruhusu, na nikihisi lolote nitasema siku hiyo hiyo, hata kama ni usumbufu kwa mtu.

Mola akupanulie kaburi lako na akupe mapumziko ambayo mimi sikukupa. Bi Riziki amekwisha kufunga mlango wake, namwona uani na buibui lake, ananiita. Kwaheri, Mama yangu. Tunakwenda Msambweni, hospitalini.

Mwanao,
Mwanasha